Udongo wa Mfinyanzi wa Kenya: Asili Yake, Makao Yake na Kazi Zake

(Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mafundi wa ujenzi, akina mama wafinyanzi na wananchi wengine. Tumeyachapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Yapasa nikiri tangu mwanzo kwamba mimi si bingwa wa miamba, wala si fundi wa nyumba. Kazi yangu ni kufasiri maandishi ya serikali, na kwa miaka kadhaa nimepewa kufasiri karatasi za mabingwa wanaochunguza mawe na udongo wa nchi yetu. Lakini jambo lililonifanya nizisome karatasi hizo kwa makini halikuanzia ofisini. Lilianzia nyumbani kwa baba yangu mdogo.

Baba yangu mdogo alifanya kazi mjini miaka mingi. Alipostaafu alinunua kiwanja katika mbuga za Athi, mahali tambarare kabisa, penye udongo mweusi kama makaa. Alikinunua wakati wa kiangazi, nao udongo ulikuwa mgumu hata jembe likaruka. Akafurahi, akasema, "Nchi ngumu namna hii itaibeba nyumba yangu hata wajukuu waizeekee." Fundi akachimba msingi wa nusu mita, akajenga kwa mawe mazuri. Masika yalipokuja, mlango wa mbele ulikataa kufungwa. Kiangazi kiliporudi, ufa ulitokea juu ya dirisha. Mwaka wa pili mtu aliweza kupitisha mkono wake ukutani, akawasalimu walio nje.

Basi maneno yakawa mengi. Wengine walisema ni uchawi. Wengine walisema fundi aliiba saruji. Baba yangu mdogo akaamini neno hili la pili, wakapelekana barazani, na urafiki wao wa tangu utoto ukakatika. Hapana hata mmoja kati yetu aliyeutazama udongo uliokuwa chini ya miguu yetu.

Leo nataka kuwaeleza jambo moja tu. Udongo wa mfinyanzi una ukoo kama watu walivyo na ukoo. Jiwe ulilotoka, na mahali ulipokaa, ndiyo mambo yanayoamua kama utafaa kwa nyumba, kwa tofali, kwa chungu au kwa mpunga. Mtu asiyejua ukoo wa udongo wake huweza kupoteza akiba ya maisha yake yote.

Jiwe Linalooza

Udongo huu ulikuwa jiwe hapo kwanza. Mvua inyeshapo huchukua ndani yake sehemu ndogo ya hewa ile ile tunayoitoa puani tupumuapo. Hewa hiyo huyatia maji ukali mdogo sana, kama tone la ndimu katika pipa la maji. Maji hayo hupenya katika nyufa za jiwe. Mawe mengi ya nchi yetu, ya kale sana kama yale ya Ukambani au yaliyotapikwa na milima ya moto, yana ndani yake madini yaitwayo feldispa. Maji huila feldispa polepole, huzichukua chumvichumvi zake, na kinachobaki ni unga laini mno. Unga huo ndio udongo wa mfinyanzi.

Chembe moja ya udongo huu haizidi sehemu mbili za elfu za milimita. Ukiiweka kando ya punje ya mchanga mnene, ni kama punje ya mtama kando ya nyumba. Tena chembe zenyewe si za mviringo bali ni bapa, kama kurasa za kitabu. Zikipata maji hapo katikati huteleza moja juu ya nyingine; ndiyo sababu udongo hunama mkononi mwa mfinyanzi na kulishika umbo alilolipa. Ukikauka hushikamana. Ukichomwa motoni mpaka uwe mwekundu, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe hutoka yasirudi tena, na tangu hapo kitu hicho si tope tena milele. Mtungi ukivunjika huwa kigae, lakini kigae hakirudi kuwa udongo wa kufinyangwa.

Kwa sababu hiyo vigae husema habari za wazee wetu wa kale hata pale ambapo nyumba zao zimekwisha kuoza. Huko Urewe, katika Siaya, palipatikana vigae vya vyungu ambavyo habari zake ziliandikwa na wataalamu mwaka 1948. Vyungu vya namna hiyo vilifinyangwa pande zote za Ziwa Viktoria zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Koo Mbili

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ilipolala siri ya nyumba ya baba yangu mdogo. Koo za udongo huu ni nyingi, lakini mbili ndizo kubwa kwetu.

Ukoo wa kwanza huitwa kaolini. Kurasa zake zimeshikana imara, wala maji hayawezi kuingia kati yake. Ukilowa hauvimbi sana, na ukikauka haunywei sana. Ukiwa safi huwa mweupe. Ukichanganyika na kutu ya chuma huwa mwekundu.

Ukoo wa pili mabingwa huuita smektaiti. Kurasa zake hazikushikana kwa nguvu. Maji yakija huingia kati ya ukurasa na ukurasa, na kila ukurasa humsukuma mwenziwe, hata udongo wote huinuka kama unga uliotiwa hamira. Jua likiwaka, maji hutoka, udongo hunywea na kupasuka nyufa za kutosha kumeza mguu wa ndama. Huu ndio udongo mweusi wa mbugani. Ugumu wake wa kiangazi ni ugumu wa kitambo tu, na nguvu zake za kuinua ukuta ni nyingi kuliko uzito wa nyumba ndogo.

Mtu ataniuliza, "Je, yawezekanaje jiwe la namna moja kuzaa watoto wawili wasiofanana?" Jibu lake ni maji. Mahali penye mteremko na mvua nyingi, maji hupita ndani ya udongo na kwenda zake, yakizichukua chokaa na chumvi nyingine. Kinachobaki ni kaolini na kutu, yaani udongo mwekundu. Mahali tambarare au bondeni, maji hutuama. Chumvi zilizooshwa mlimani hukusanyika hapo, na katika uji huo huzaliwa smektaiti, yaani udongo mweusi.

Jambo hili lilielezwa vizuri na bingwa wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani katika nchi ya Tanganyika. Mwaka 1935 aliupa mpango huu jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Aliona kwamba katika Afrika ya Mashariki, ukishuka kutoka kilimani hata bondeni, udongo hubadilika hatua kwa hatua, nao hufuatana kwa utaratibu ule ule kilima baada ya kilima, kama pete za mnyororo. Wakulima walilijua jambo hilo kwa macho yao: mwekundu juu, mweusi chini.

Safari Katika Nchi Yetu

Natufanye safari fupi, tuone kila udongo unakaa wapi.

Tukianza Nairobi, mji huu umekaa juu ya mawe yaliyotapikwa na milima ya moto mamilioni ya miaka iliyopita. Upande wa magharibi na kaskazini, kama Kabete na Kiambu, nchi ina migongo na mabonde, na mvua ni nyingi. Huko udongo ni mwekundu na wa kina kirefu. Ndio uliolea kahawa, na nyumba husimama juu yake bila matata mengi. Lakini ukielekea mashariki, Embakasi na mbuga za Athi na Kapiti, nchi hulala kama meza, maji hayana njia, na udongo mweusi umetanda juu ya mwamba. Mwendo wa saa moja tu kwa gari huweza kukutoa katika ukoo mmoja kukutia katika mwingine.

Tukipanda kusini mwa Mlima Kenya tutafika Mwea. Hapo upo udongo mweusi tena, lakini tusiulaumu. Udongo unaokataa kupitisha maji ndio unaotakiwa na mpunga, maana shamba la mpunga ni sawa na bakuli. Mpunga wa Mwea umelimwa kwa maji ya mifereji tangu miaka ya 1950. Hali ni kama hiyo katika tambarare za Kano, karibu na Kisumu, ambako mito na ziwa vimetandaza udongo mzito, na kilimo cha mpunga cha Ahero kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Basi twaona kwamba kilicho adui kwa mjenzi ni rafiki kwa mkulima.

Kaolini nyeupe hupatikana Mukurweini, katika Nyeri, na pia Eburru, karibu na Naivasha. Kaolini ya Eburru ina historia ya ajabu. Haikungojea mvua peke yake. Moto wa chini ya nchi bado huvuta pumzi huko, na mvuke hutoka ardhini, hata wenyeji wameukusanya upoe wapate maji ya kunywa. Mvuke huo mkali umepika mawe ya volkano tangu zamani sana, ukayageuza kuwa udongo mweupe. Kaolini hutumika kutengeneza vyombo vyeupe vya kauri, karatasi na rangi.

Lakini si kila cheupe ni kaolini. Karibu na Gilgil, mahali paitwapo Kariandusi, yapo machimbo ya kitu cheupe chepesi kama unga wa muhogo. Hicho huitwa diatomaiti. Ni maganda ya viumbe vidogo vya majini visivyoonekana kwa jicho, vilivyoishi katika ziwa la kale, vikafa na kurundikana. Chafaa kuchujia vinywaji, lakini mfinyanzi akijaribu kukifinyanga atachoka bure.

Kusini, katika bonde la Amboseli na kuvuka mpaka hata Sinya katika nchi ya Tanzania, ziwa jingine la kale limeacha udongo wa namna nyingine, mweupe na mwepesi, uitwao sepiolaiti. Ule mgumu wa aina hiyo umechongwa viko vya tumbaku.

Pwani, nyuma ya kisiwa cha Mombasa, kuna matabaka ya udongo uliokuwa tope la bahari zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita, ukagandamizwa hata ukawa jiwe laini linalobanduka mabamba mabamba. Nao una kazi yake. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo kama huo katika moto wa digrii 1,450 hivi. Kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954, kilikuwa na mawe ya matumbawe upande mmoja na udongo huo upande wa pili.

Magharibi, katika mabonde ya mito na vijito, maji yamekusanya udongo laini wa kunama, na huko ufinyanzi umestawi tangu zamani. Apitaye Ilesi, karibu na mji wa Kakamega, ataona vyungu na mitungi imepangwa kando ya barabara.

Kwa Wanaotaka Kujenga

Ndugu zangu, kabla ya kununua kiwanja, kitembeleeni mara mbili: mara moja wakati wa kiangazi, na mara moja wakati wa mvua. Tazameni nyufa za ardhini. Tazameni kuta za majirani na nguzo za ua wao. Zikiwa zimelala huku na huku, udongo unatembea.

Kisha lifanyeni jaribio hili, halina gharama. Chimbeni hata mfike kina cha msingi, mchukue udongo wa huko, wala si ule wa juu. Ukausheni, mwuponde, mwuchekeche uwe unga. Tieni kidogo katika chupa nyembamba iliyo kavu, mtie alama mahali ulipofika. Umwageni pembeni, mjaze chupa maji, kisha mrudishe unga ule kidogo kidogo, mwuache mpaka kesho yake. Ukisimama karibu na alama, shukuruni. Ukifika mara mbili ya alama, udongo huo utaivunja nyumba.

Je, mwenye kiwanja cha udongo mweusi akate tamaa? La. Udongo mweusi ukiwa wa kina kidogo, uondolewe wote chini ya nyumba mpaka kwenye mwamba au changarawe ngumu, na shimo lijazwe changarawe nyekundu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukiwa wa kina kirefu, mtafuteni mhandisi awapimie msingi wa namna nyingine kabla hamjanunua hata jiwe moja. Maji ya paa yapelekwe mbali kwa mifereji. Wala msipande miti mikubwa kama mikaratusi karibu na ukuta, maana mizizi yake huunyonya udongo upande mmoja, nao hunywea huku upande wa pili umevimba. Ada ya kupimiwa ni ndogo kuliko gharama ya kujenga mara mbili.

Kwa Wafyatuaji wa Matofali

Nanyi mnaofyatua matofali, mchunguze udongo wenu kabla ya kuteketeza kuni. Finyangeni kipande kama rula, mkichore mstari wa sentimita 10, mkianike kivulini mpaka kikauke kabisa. Mstari ukipungua kwa zaidi ya sentimita moja, udongo una nguvu mno, utapasuka. Uongezeni mchanga. Kipande kikivunjika kwa urahisi mkononi, mchanga umezidi.

Angalieni pia vijiwe vyeupe vilivyomo. Mwagieni siki, vikitoa povu, hiyo ni chokaa. Chokaa ikichomwa ndani ya tofali hukaa kimya mpaka tofali lipate unyevu, ndipo huvimba na kulipasua, pengine baada ya ukuta kwisha kujengwa. Kauka upesi juani pia ni hatari, kwa kuwa nje hunywea kabla ya ndani.

Na shimo mlilochimba lisiachwe wazi. Mvua huligeuza kuwa bwawa. Mbu huzaliana humo, na mtoto huweza kuteleza asionekane tena. Aliyechukua udongo amechukua na deni. Wekeni kando udongo wa juu wenye rutuba siku ya kwanza, mwurudishe siku ya mwisho.

Kwa Akina Mama Wafinyanzi

Neno langu la mwisho ni kwenu, mama zangu. Nilipofasiri karatasi za mabingwa, niliona kwamba mengi waliyoyapima kwa mitambo ninyi mlikwisha kuyajua kwa vidole. Ninyi hamtumii udongo wowote mlioukuta. Mwachukua huu wa kunama, mkauchanganya na ule mkavu. Mwatia mchanga au vigae vilivyopondwa ili chungu kisipasuke motoni. Mwauacha udongo ukae na maji siku nyingi ili uive. Hiyo ni elimu, nayo isidharauliwe kwa sababu haikuandikwa.

Watu husema sufuria zimekiua chungu. Si kweli kabisa. Tangu miaka ya 1980 limeenea katika nchi yetu jiko lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani. Udongo huo huzuia joto lisipotee, na jiko hula makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Vikundi vya wanawake wa magharibi vimefinyanga sehemu hizo za ndani na kuziuza. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Lakini mfinyanzi anayejua udongo wake na soko lake hana sababu ya kulia gaeni tena.

Mwisho wa Habari

Pengine mwataka kujua mambo ya baba yangu mdogo yaliishaje. Nilipokwisha kufasiri karatasi ile ya udongo mweusi, nilimpelekea nakala ya Kiswahili. Aliisoma mara mbili bila kusema neno. Kisha akavaa kofia yake, akaenda kwa fundi yule, akamwomba radhi mbele ya mkewe na watoto wake. Nyumba ikabomolewa, mawe yakahifadhiwa. Fundi yule yule akachimba tena, safari hii mpaka kwenye mwamba, na wote wawili wakasimama shimoni wakaugonga kwa nyundo. Nyumba ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, kwa sababu fedha zilikuwa zimepungua. Lakini milango yake hufungwa, masika na kiangazi.

Wazee wetu walisema, udongo uwahi ungali maji. Mafunzo nayo ni hivyo. Yawahini sasa, kabla fedha hazijazikwa katika msingi na maneno mabaya hayajakauka mioyoni. Kabla hamjamlaumu fundi, jirani au mchawi, chimbeni kidogo mwuone udongo.